Mafuta ya Mbono Kaburi Katika Injini ya Dizeli

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki hupatikana mti mdogo ambao mbuzi hawali majani yake na mchwa hawaushambulii kwa urahisi. Ukikatwa hutoa utomvu unaotia madoa nguoni, na kijiti chake kikichomekwa ardhini kabla ya mvua huchipua bila kuhitaji matunzo. Kwa sababu hizo wakulima huupanda kuzunguka maboma na mashamba ili kuzuia mifugo, na tangu zamani ulipandwa pia pembezoni mwa makaburi ili mahali hapo pasisahaulike. Ndiyo maana Watanzania wengi huuita mbono kaburi. Kwa jina la kitaalamu ni Jatropha curcas, wa ukoo mmoja na mbarika, muhogo na mti wa mpira.

Mti huu si wa asili ya Afrika. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, na inaaminika kwamba mabaharia Wareno ndio walioueneza katika pwani za Afrika na Asia. Katika karne ya 19 visiwa vya Cape Verde viliuza mbegu zake kwa wingi mjini Lisbon, na baadaye Marseille, ambako mafuta yake yaliwasha taa na kupikiwa sabuni. Taa za mafuta ya petroli zilipoenea biashara hiyo ilififia, na mbono ukabaki kuwa ua tu. Ulirudi kutajwa kwa sauti kubwa mwanzoni mwa karne ya 21, safari hii si kwa ajili ya taa bali kwa ajili ya injini. Ahadi zilizotolewa wakati huo zilikuwa kubwa, na baadhi ya wanavijiji wa Tanzania walizilipia kwa ardhi yao. Ili kupambanua lililokuwa kweli na lililokuwa njozi, inafaa kuanza na mafuta yenyewe.

Injini iliyotangulia mafuta yake

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba injini ya dizeli ilibuniwa ili itumie mafuta yanayouzwa leo kwa jina hilo. Mambo hayakuwa hivyo. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alifanikiwa kuendesha injini yake mwaka 1897, na nia yake ilikuwa kupata mashine itakayochoma kitu chochote kinachoweza kuwaka vizuri ndani ya hewa iliyoshindiliwa. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya aina hiyo ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wazo hilo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, ambayo makoloni yake ya Afrika yalikuwa na karanga nyingi. Diesel mwenyewe aliyaeleza haya mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya kifo chake.

Hatua ya pili ilipigwa Ubelgiji. Tarehe 31 Agosti 1937 mwanasayansi G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya njia ya kugeuza mafuta ya mimea yafae kwa injini. Aliyachanganya mafuta ya mawese, ambayo wakati huo yalitoka kwa wingi katika Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, pamoja na pombe ya ethanoli, akapata kiowevu chepesi kinachokaribia dizeli. Mwaka 1938 basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain likitumia kiowevu hicho. Bayodizeli, kwa hiyo, si uvumbuzi wa juzi, na chanzo chake cha kwanza kilikuwa chikichi za Afrika.

Baada ya Vita Kuu ya Pili petroli ikawa rahisi, na utafiti huo ukawekwa kando. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, nchi nyingi zilikumbuka mbegu zao. Watafiti wa Afrika Kusini walishughulikia alizeti, na Austria ikatoa kiwango rasmi cha kwanza cha ubora wa bayodizeli mwaka 1991.

Mafuta ni kitu gani?

Mafuta ya mbegu yoyote, iwe ufuta, alizeti, pamba au mbono, yamejengwa kwa mpango mmoja. Kila molekuli ina uti wa gliseroli wenye mikono mitatu, na kila mkono umeshika mnyororo mrefu wa kaboni na haidrojeni uitwao asidi ya mafuta. Tofauti zote zinazoonekana jikoni au ndani ya injini hutokana na minyororo hiyo: urefu wake, na idadi ya mahali ambapo atomu mbili za kaboni zimeungana kwa kifungo maradufu.

Mfano ulio karibu ni mafuta ya nazi. Asubuhi ya baridi huko Lushoto au Njombe mafuta hayo huganda ndani ya chupa na kuwa meupe kama mshumaa, kwa kuwa minyororo yake mingi haina kifungo maradufu hata kimoja. Imenyooka, hulaliana kama kuni zilizopangwa, na kiasi cha nyuzi 24 za Sentigredi hutosha kuigandisha. Mafuta ya alizeti hayagandi kwa baridi hiyo. Vifungo maradufu hupinda minyororo yake, ikashindwa kulaliana. Lakini vifungo hivyo ndivyo pia mlango wa oksijeni. Mafuta yenye vifungo vingi hushikamana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mgumu, jambo linalomfurahisha mpaka rangi anayetumia mafuta ya kitani, wala halimfurahishi fundi wa injini.

Mbono uko katikati, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Sehemu kama mbili kwa tano za mafuta yake, au zaidi kidogo, ni asidi ya oleiki yenye kifungo maradufu kimoja. Theluthi moja au zaidi ni linoleiki yenye viwili. Na sehemu iliyosalia karibu yote ni palmitiki na steariki, ambazo hazina kifungo hicho. Wanakemia hupima wingi wa vifungo maradufu kwa kuangalia gramu 100 za mafuta zinanyonya gramu ngapi za iodini. Kwa mbono kipimo hicho huwa karibu na 100. Kiwango cha Ulaya cha bayodizeli hakiruhusu kuvuka 120, na alizeti ya kawaida huvuka.

Mbegu ya mbono ina mafuta kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake. Si mafuta ya kula. Ndani ya mbegu mna protini yenye sumu iitwayo kursini, na pamoja nayo viambato viitwavyo esta za forboli ambavyo haviondoki kwa kuchemsha. Watoto waliowahi kutafuna mbegu hizi, ambazo kwa bahati mbaya ladha yake inafanana na ya karanga, hutapika na kuhara vibaya. Mwalimu anayezileta darasani hana budi kutangaza jambo hili kabla ya lolote lingine. Mashudu yake nayo hayalishwi ng'ombe wala kuku, tofauti na mashudu ya alizeti na pamba; hufaa kuwa mbolea au kutiwa katika mtambo wa gesi ya samadi.

Tatizo la mnato

Kilo moja ya mafuta ya mbono hutoa nishati pungufu ya dizeli kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Ukipima kwa lita pengo hilo hupungua, kwa kuwa lita ya mafuta ya mbono ina uzito wa gramu 920 hivi na ya dizeli ni kama 840. Kwa upande wa usalama mbono unashinda: mvuke wake haushiki moto mpaka mafuta yapashwe kuvuka nyuzi 200, ilhali dizeli huanza kumweka karibu na nyuzi 60. Salfa, ambayo ikiungua huchafua hewa, karibu haimo. Kwa hesabu hizo tu, mtu angeweza kuyamimina mafuta ghafi ndani ya tangi na kuondoka.

Kinachozuia ni mnato, yaani ule uzito wa kutiririka. Katika nyuzi 40 mnato wa dizeli ni kiasi cha milimita za mraba 2 hadi 4 kwa sekunde. Mnato wa mafuta ya mbono ni karibu 35. Kwa mpishi tofauti hiyo haina maana, lakini injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hushindilia hewa mpaka ipate joto kali, kisha pampu husukuma mafuta kwa nguvu kupitia matundu membamba ya nozeli ili yatawanyike kama ukungu na kuwaka yenyewe papo hapo. Mafuta mazito hayawi ukungu, huwa matone. Tone kubwa huungua juujuu na kuacha masizi. Masizi hujijenga kwenye ncha ya nozeli na mtawanyiko ukaharibika zaidi. Mengine huzigandisha pete za pistoni. Na mafuta yasiyoungua huteremka katika oili ya kulainishia na kuifanya nzito kama uji. Injini haifi siku ya kwanza. Huenda ikatembea miezi kadhaa bila lawama, na hili limewapotosha wengi waliotangaza ushindi baada ya majaribio ya wiki mbili.

Jambo hili laweza kuchunguzwa shuleni bila gharama. Yatosha kuwa na bomba la sindano jipya lisilo na sindano yenyewe, lenye ujazo wa mililita 10, saa ya kupimia sekunde, na mafuta safi ya alizeti. Bomba likisimamishwa wima na mafuta yakaachwa yatiririke, wanafunzi waandike muda unaopita kwa nyuzi 25, kisha kwa 40, 60 na 80, wakiyapasha mafuta kwa kuweka chombo chake ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Baadaye warudie kwa maji matupu ili wapate kilinganisho. Mchoro wa muda dhidi ya jotoridi utaonyesha mteremko mkali mwanzoni, unaotulia kadiri joto linavyozidi. Mhandisi anayetaka kutumia mafuta ghafi huutegemea mteremko huohuo: huzungusha bomba la mafuta kando ya bomba la moshi, au huyapitisha katika maji yanayopoza injini, ili yafike kwenye nozeli yakiwa karibu nyuzi 90, na hapo mnato huwa umeshuka hadi theluthi au chini yake.

Injini za zamani zenye mwendo wa polepole huvumilia mafuta ghafi kuliko za kisasa. Mashine za aina ya Lister, zenye gurudumu zito na mizunguko isiyofikia elfu moja kwa dakika, zimezoeleka katika vinu vya kusagia unga vya Afrika Mashariki. Katika kijiji cha Engaruka, wilayani Monduli, ambako ua za mbono ni nyingi, shirika la TaTEDO lilisimika mwaka 2006 mtambo wa namna hiyo ulioendeshwa kwa mafuta ya mbono, ukatumika kukamua mbegu, kukoboa nafaka, kuchaji betri na kupeleka umeme katika nyumba na maduka ya jirani. Lori la kisasa, au trekta jipya lenye pampu ya shinikizo kubwa, halifai kufanyiwa jaribio hilo.

Kubadilisha molekuli

Njia ya pili ya kupunguza mnato ni ile ya Chavanne: kuikata molekuli yenyewe. Ile mikono mitatu ya gliseroli huachishwa minyororo yake, na kila mnyororo hupewa molekuli moja ndogo ya pombe. Kinachopatikana ni esta tatu nyepesi, ambazo ndizo bayodizeli, na gliserini moja. Kwa sasa viwanda hutumia methanoli kuliko ethanoli kwa kuwa ni rahisi zaidi, na kichocheo ni haidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu, kiasi cha gramu 10 kwa kila kilo ya mafuta. Mchanganyiko hukorogwa kwa muda wa saa moja hivi katika nyuzi 60, chini kidogo ya mahali methanoli inapochemka, kisha huachwa utulie. Gliserini, iliyo nzito, huzama chini ikiwa na rangi ya kahawia. Bayodizeli huelea juu, nayo huoshwa kwa maji na kukaushwa.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kuihakiki hesabu yake. Chukua mafuta yaliyojengwa kwa asidi ya oleiki peke yake, ambayo molekuli yake ni C57H104O6. Uzito wake wa molekuli ni 884. Methanoli tatu zina uzito wa 96, na jumla ni 980. Upande wa pili esta tatu, kila moja C19H36O2 yenye uzito wa 296, hufanya 888. Gliserini, C3H8O3, ni 92. Jumla tena ni 980. Kwa hiyo kilo 100 za mafuta hudai kilo 11 za methanoli na kutoa kilo 100 na ushei za bayodizeli pamoja na kilo 10 hivi za gliserini. Kiwandani hutiwa methanoli maradufu ya hiyo, ili kuusukuma mmenyuko mpaka mwisho wake, na ile iliyozidi hukusanywa itumike tena.

Matokeo ni mazuri. Mnato hushuka kutoka 35 hadi kati ya 4 na 5. Namba ya setani, inayoonyesha wepesi wa mafuta kuwaka yanapopuliziwa ndani ya injini, huwa 50 au zaidi, nayo haipungukiwi na ile ya dizeli ya kawaida. Kiowevu hicho chaweza kuchanganywa na dizeli kwa kiasi chochote, ingawa watengenezaji wengi wa injini huruhusu asilimia chache tu. Indonesia, yenye michikichi isiyohesabika, iliagiza mchanganyiko wa asilimia 35 mwaka 2023. Katika Ufilipino ni mafuta ya nazi yanayotumika, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2006.

Kuna kikwazo kimoja ambacho mtengenezaji mdogo hukutana nacho mapema. Mbegu zilizookotwa chini, zikalowa mvua au kurundikwa katika ghala lisilopitisha hewa, huanza kuoza kwa ndani, na minyororo hujiachia yenyewe ikawa asidi huru. Asidi hiyo ikikutana na haidroksidi haitoi bayodizeli, hutoa sabuni, na pipa zima hugeuka kuwa rojorojo lisilotengana. Ikizidi asilimia 2 hivi ni lazima mafuta yatibiwe kwanza kwa asidi ya salfuriki. Kipimo chake ni titresheni ya kawaida: gramu 5 za mafuta huyeyushwa katika ethanoli yenye uvuguvugu, huongezwa matone ya fenolfthalini, kisha haidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M hudondoshwa mpaka rangi ya waridi ibaki. Kila mililita moja iliyotumika inawakilisha asidi huru ya asilimia 0.56. Jaribio hili lafaa kabisa maabara ya shule, nalo laweza kufanywa kwa mafuta ya kupikia mapya na yale yaliyokwisha kukaangia maandazi mara kadhaa.

Kutengeneza bayodizeli yenyewe ni jambo jingine. Methanoli ni sumu inayopofusha macho, hupenya kwenye ngozi, na mvuke wake hulipuka. Shule isiyo na chemba ya kutolea mvuke isijaribu.

Wakati wa ahadi

Kati ya mwaka 2003 na 2009 mbono ulisifiwa duniani kote. India ilianzisha mpango wa taifa wa kuupanda katika ardhi iliyodhaniwa kuwa haina kazi. Tarehe 30 Desemba 2008 shirika la ndege la New Zealand lilirusha ndege ya Boeing 747 ambayo injini yake moja ilitumia mchanganyiko wenye nusu ya mafuta ya mbono. Hoja iliyorudiwa kila mahali ilikuwa na sehemu tatu: kwamba mti huu hauhitaji maji mengi, kwamba hukua katika ardhi mbovu, na kwamba hutoa mbegu nyingi. Kila sehemu ina ukweli wake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba yote matatu hutokea mahali pamoja. Mbono huvumilia ukame kwa kupukutisha majani, na mti usio na majani hauna namna ya kutengeneza mafuta. Katika ardhi mbovu unaishi, lakini hauzai kiasi cha kulipa jasho la mchumaji. Tena haukuwa umechaguliwa wala kuzalishwa kitaalamu kama mahindi au pamba. Mbegu zilizopandwa zilikuwa za mwituni, mti mmoja ukizaa sana na jirani yake ukizaa konzi moja. Makadirio yaliyopigiwa debe yalifikia tani 5 na kuendelea kwa hekta. Mashamba mengi hayakupata hata tani 2, na mengine hayakufikia nusu tani.

Nchini Kenya, uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 kwa ushirikiano wa ICRAF, taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na wenzao, baada ya kuwahoji wakulima wa sehemu mbalimbali, ulitoa ushauri usio na kificho: mkulima mdogo asiupande mbono kama zao la shamba, bali kama ua tu.

Tanzania ushauri huo ulikuta mikataba imekwisha kutiwa sahihi. Wilayani Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji vinavyozidi kumi. Mwaka 2011 kazi ilisimama na wafanyakazi wakaachishwa. Wilayani Kilwa kampuni nyingine, ya Uholanzi, ilikuwa imefilisika mwaka mmoja kabla, ikiwa imepanda sehemu ndogo tu ya eneo ililolitaka. Serikali ilitoa mwongozo wa nishati ya mimea mwaka 2010, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika.

Hapa sayansi ya mimea inakutana na sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, mwekezaji wa kigeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Ardhi huhamishwa kwanza kutoka kundi la ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, ndipo mwekezaji apewe haki ya kuitumia. Kampuni ikianguka, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Hubaki katika kundi ililohamishiwa. Mwanakijiji aliyekubali mkutanoni akitarajia ajira, kisima na zahanati, hukosa ajira na pia msitu aliokuwa akipata kuni, nguzo na dawa. Hasara hii haikuingizwa katika hesabu yoyote ya bei ya lita moja. Hata faida ya hewa safi iliyotajwa sana hutoweka pale miombo inapokatwa ili mbono upandwe, kwani kaboni iliyokuwa ndani ya miti hiyo na udongo wake huchukua miongo kadhaa kufidiwa.

Hesabu ya ua

Baada ya wanunuzi wakubwa kuondoka, mbono wa zamani bado umesimama pale ulipopandwa, katika ua. Thamani yake yaweza kupigiwa hesabu. Takwimu zilizotumika sana kutoka Mali hukadiria gramu 800 za mbegu kavu kwa kila mita ya ua kwa mwaka. Ua wa mita 100 hutoa basi kilo 80. Mashine ndogo ya kukamulia hudai kilo 5 hivi kwa lita, kwa hiyo hupatikana lita 16. Injini ya nguvu za farasi 8 ikifanya kazi kikamilifu hunywa kiasi cha lita 2 kwa saa. Ua wa mita 100, kwa maneno mengine, unasaga unga kwa saa nane.

Kijiji chenye ua za kilomita 10 kingepata lita 1,600, nazo zinatosha kuendesha injini moja zaidi ya saa mbili kila siku, mwaka mzima, bila kupanda mti mpya na bila kupunguza shamba la mahindi hata hatua moja. Katika mahali ambapo dizeli hufika kwa madumu juu ya pikipiki, na msimu wa masika haifiki kabisa, saa mbili za kinu ni kitu kikubwa.

Lakini nani atakayeokota? Matunda ya mbono hayaivi kwa pamoja. Katika tawi moja huwamo ya kijani, ya manjano na yaliyokauka, hivyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara nyingi. Mtu akiweza kuchuma na kumenya kilo 3 kwa saa, lita moja ya mafuta ghafi humgharimu saa moja na dakika arobaini kabla ya kukamua. Kazi hiyo kwa kawaida huwaangukia wanawake na watoto, ambao wana kazi nyingine tayari. Mwenye kinu akitaka mafuta ya mbono yashindane na dizeli ya kituoni, njia iliyo rahisi kwake ni kuwalipa hao kidogo, na kwa malipo hayo kidogo mbegu hubaki zikidondoka chini.

Vikundi vya akina mama mkoani Arusha vilivyojifunza kukamua mbono viligundua jambo hili bila kuambiwa na mtaalamu. Mafuta yaleyale, yakichemshwa na haidroksidi ya sodiamu yakawa sabuni, yaliwaletea fedha nyingi kuliko yakiuzwa kama mafuta ya injini, maana wanunuzi waliithamini sabuni hiyo kuwa dawa ya ngozi na kukubali kuilipia zaidi ya ile ya kawaida. Wasabuni wa Marseille nao walikuwa wakinunua mbegu hizo kwa kazi hiyohiyo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.